Tafuta kwa Maana, Siri za Watu Zibaki Kwako

Wadogo zangu, wiki hii najibu barua moja tu. Nimeichagua kwa sababu kila mwenye laptopu iliyojaa mafaili atajiona ndani yake, awe mwalimu, mwanafunzi, mfanyabiashara au mama anayeandika shajara yake usiku watoto wakishalala.

"Dada, shikamoo. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika maelezo ya akina mama wanaokuja ofisini kwetu: mirathi, ndoa, mashamba, matunzo ya watoto. Mafaili yamejaa kwenye laptopu yangu. Mengine nimeandika mwenyewe, mengine nimetumiwa kwa WhatsApp, mengine nimeskani. Nikitaka kesi ya zamani inayofanana na ya leo siipati, na ninajua ipo. Mwenzangu ameniambia nipakie kila kitu kwenye tovuti ya akili mnemba, ya bure, itanitafutia. Nimesita. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umesita mahali panapostahili kusita.

Jibu langu kwa ufupi: usipakie. Shida yako ni ya kweli na ina ufumbuzi, na ufumbuzi huo unaweza kufanya kazi ndani ya laptopu hiyo hiyo, bila ukurasa hata mmoja kutoka nje. Ila usidhani kwamba kitu kikishakuwa ndani ya kompyuta yako basi kiko salama. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, na hapo nitakaa nawe kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini huipati kesi unayojua ipo

Kisanduku cha kutafuta ulichozoea kinalinganisha herufi. Kompyuta hupitia mafaili mapema na kuandika faharasa: neno hili limo katika mafaili haya na haya. Ukiuliza, inakwenda kwenye faharasa hiyo. Ni njia ya zamani na ni njia nzuri. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge, mwanamke aliyesomea historia na kufundisha shule kidogo kabla ya kuingia katika utafiti wa kompyuta, alionyesha namna ya kuiboresha: neno linaloonekana katika mafaili machache lipewe uzito kuliko neno linaloonekana kila mahali. Wazo lake bado linafanya kazi ndani ya mifumo ya utafutaji hadi leo. Nalitaja jina lake ili binti yeyote anayesoma hapa ajue kwamba msingi wa jambo hili uliwekwa pia na mikono ya mwanamke.

Lakini njia ya herufi ina mipaka, na sisi tunaoandika Kiswahili tunaifikia mapema kuliko wengine. Ukiandika "lipa", kompyuta kwa kawaida huangalia maneno yanayoanza na herufi hizo. Maelezo yako yameandikwa "hajalipa", "nililipa", "atakapolipa", "malipo". Hakuna hata moja linaloanza na "lipa", kwa hiyo faili lipo na huletewi. Kiingereza huongeza viambishi vyake vingi mwishoni mwa neno, ndiyo maana waliotengeneza visanduku hivyo hawakuona tatizo.

Majina ya mafaili nayo hayasaidii. Yaliyokuja kwa WhatsApp yanaitwa DOC-20240312-WA0003 au IMG na tarehe yake, yaliyotoka kwenye mashine ya kuskani yanaitwa Scan0001, na yale uliyoandika kwa haraka yanaitwa "barua mpya", "barua mpya 2" na "barua mpya ya mwisho kabisa".

Kikwazo kikubwa zaidi ni lugha ya wanaokuja kwako. Wewe unatafuta "matunzo ya watoto", kwa sababu ndivyo sheria inavyosema. Mama aliyekaa mbele yako hakusema hivyo. Alisema, "Tangu ahamie kule hatumi hata hela ya unga, na mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya mchango." Na wewe, kwa kuwa unafanya kazi yako vizuri, uliandika maneno yake kama alivyoyasema. Kompyuta ya herufi haiwezi kujua kwamba sentensi hiyo na maneno ya sheria vinazungumzia jambo moja. Binadamu anajua papo hapo. Unachokihitaji ni utafutaji unaokaribia ujuzi huo.

Kompyuta inapataje maana

Fikiria sokoni. Hakuna aliyeandika ramani, lakini samaki wako upande wa samaki, vitenge upande wa vitenge, na ukitaka ndimu utazikuta si mbali na nyanya na vitunguu. Hata kama hujui jina la kiungo unachokitafuta, ukifika kwenye viungo utakiona. Utafutaji kwa maana hupanga maandishi kwa namna hiyo. Programu inayoitwa modeli husoma kipande cha maandishi, tuseme aya moja, na kukipa mahali pake kwa kukiandikia orodha ya namba inayoitwa vekta. Vipande vinavyosema mambo ya karibu hupata namba za karibu. Swali lako nalo hupewa vekta, kisha kompyuta hukuletea vipande vilivyo jirani nalo. "Hatumi hata hela ya unga" na "matunzo ya watoto" vinakuwa majirani ingawa havina neno hata moja la maana linalofanana.

Modeli hupata ujuzi huo kwa kusomeshwa maandishi mengi sana, ikiangalia maneno gani hukaa na maneno gani. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake wa Google walitoa word2vec, iliyopanga neno moja moja. Baadaye zikaja modeli zinazosoma neno pamoja na sentensi yake, na hizo ndizo zinazoweza kutofautisha kodi ya nyumba na kodi ya serikali. Mwanzoni zilikuwa nzito mno kwa kazi ya kutafuta. Mwaka 2019 Nils Reimers na Iryna Gurevych wa Darmstadt, Ujerumani, walichapisha Sentence-BERT. Walieleza kwamba kutafuta sentensi mbili zinazofanana zaidi kati ya sentensi 10,000 kulikuwa kunachukua kama saa 65, na njia yao ikafanya kazi hiyo kwa takriban sekunde 5. Kuanzia hapo jambo hili likaanza kuwezekana hata kwenye mashine ya mtu wa kawaida.

Nakupigia hesabu ndogo uone kwamba si ndoto. Modeli nyingi ndogo hutoa vekta yenye namba 384. Kila namba ikichukua baiti 4, kipande kimoja kinahitaji baiti 1,536. Ukiwa na vipande 100,000, yaani maelfu ya kurasa, vekta zote hizo hazifiki megabaiti 160. Hiyo inaenea hata kwenye flashi ya zamani. Huhitaji mashine ya gharama. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 inaweza kuandaa vekta hizo. Itachelewa mara ya kwanza inapopitia mafaili yote, kwa hiyo ichomeke kwenye umeme uiache usiku. Baada ya hapo kutafuta ni kwa haraka.

Kwa nini isiwe tovuti ya bure

Mwenzako hakukushauri kwa ubaya. Ameona urahisi. Lakini mama yule alipokueleza kwamba mumewe humpiga, au kwamba ana maambukizi na familia haijui, alikueleza wewe. Hakuiruhusu kampuni iliyo nchi nyingine, yenye masharti ya kurasa nyingi ambayo hata wewe hujayasoma, ipokee nakala ya maneno yake. Ukishapakia, huwezi kuhakikisha nakala ngapi zimebaki, kwa muda gani, na kama zitatumika kuifundisha modeli nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria nayo inakutazama wewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinamwajibisha anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Ofisi yako inapotunza maelezo hayo imeshabeba wajibu huo, iwe mnaufahamu au hamuufahamu.

Na jambo hili halikuanza na akili mnemba. Mwaka 2004 Google walitoa Google Desktop, programu ya kutafuta mafaili ndani ya kompyuta yako. Watu waliipenda. Mwezi Februari 2006 wakaiongezea uwezo wa kutafuta mafaili ya kompyuta yako moja ukiwa kwenye nyingine, na ili hilo lifanyike nakala za maandishi ya mafaili zilipitia na kukaa kwa muda kwenye seva za Google. Electronic Frontier Foundation, asasi ya Marekani inayotetea haki za watu mtandaoni, iliwaonya watumiaji wasiuwashe uwezo huo. Programu yenyewe ilifungwa mwaka 2011. Jifunze hapo kwamba programu inaweza kuanza ikitafuta ndani tu, kisha toleo jipya likafungua mlango. Kila programu ikijisasisha, rudi kwenye mipangilio yake utazame kilichobadilika.

Kuwa ndani peke yake hakutoshi

Sasa nisikilize vizuri, maana sehemu hii watu huiruka.

Mwezi Mei 2024 Microsoft walitangaza kitu kinachoitwa Recall kwa kompyuta mpya za Windows. Kilikuwa kipige picha ya skrini kila baada ya sekunde chache, kisome kilichomo, kisha ukiuliza kwa maneno yako kikuonyeshe ulichokiona siku zilizopita. Kampuni ilisisitiza kwamba kila kitu kinabaki ndani ya mashine. Ilikuwa hivyo. Lakini watafiti wa usalama walionyesha kwamba kumbukumbu hiyo haikulindwa vya kutosha, na mtu au programu hasidi iliyofika kwenye mashine ingeweza kuinyakua yote. Mwezi Juni Microsoft waliahirisha. Kilipoanza kusambazwa mwaka 2025 kilikuwa kimezimwa mpaka mwenyewe ukiwashe, kimefungwa kwa msimbo, na kinataka kuhakikisha ni wewe kabla ya kufunguka.

Unaona? Hakuna kilichotumwa nje, na hatari bado ilikuwepo. Ukikusanya siri zilizokuwa zimetawanyika na kuzipanga ziitike kwa swali moja, umemrahisishia kazi kila atakayeishika mashine. Zamani, mtu aliyeiba laptopu yako angelazimika kufungua mafaili moja moja. Leo akiandika "mwanamke mjamzito anayemficha mumewe", kompyuta yako itamletea majina.

Na usidanganyike kwamba vekta ni namba tu, hazisomeki. Mwaka 2023 John X. Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba maandishi yanaweza kurudishwa kutoka kwenye vekta zake. Kwa vipande vifupi walifanikiwa kurudisha asilimia 92 neno kwa neno. Kwa hiyo faili la vekta lilinde sawasawa na maelezo yenyewe.

Fanya haya kabla hujasakinisha programu yoyote ya kutafuta:

Funga diski nzima kwa msimbo. Kwenye Windows Pro uwezo huo unaitwa BitLocker, na mashine nyingi za Windows Home zina "Device encryption" kwenye mipangilio. Kwenye Mac unaitwa FileVault. Uwezo huo una ufunguo wa kurejesha. Uandike kwenye karatasi uutunze mbali na laptopu, kwa sababu ukiupoteza na ukasahau nywila, mafaili yako yamekwenda.

Tenganisha akaunti za watumiaji. Kama laptopu inatumiwa na watoto nyumbani au na mwenzako ofisini, kila mmoja awe na akaunti yake na nywila yake. Usiweke programu ya kutafuta kwenye akaunti inayofunguliwa na kila mtu.

Tazama folda zako zinakwenda wapi. Kwenye Windows, folda za Documents na Desktop mara nyingi zimeunganishwa na OneDrive bila mwenyewe kukumbuka kuwa alikubali. Ukiweka humo mafaili na vekta zake, programu yako itakuwa ya ndani na nakala zitakuwa nje. Unda folda ya kazi mahali ambapo hapaunganishwi na mtandao, na nakala ya akiba iweke kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa msimbo vilevile.

Mwisho, angalia mikono inayoshika mashine. Laptopu ikienda kwa fundi, usimwandikie nywila kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu yake. Ukienda steshenari kuprinti, usiache faili kwenye kompyuta yao, na hakikisha limefutwa hata kwenye folda ya vilivyopakuliwa.

Jinsi ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kugeuza picha kuwa maandishi. Karatasi uliyoskani ni picha, hata kama imehifadhiwa kama PDF. Pima hivi: fungua faili, jaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Ikikataa kuchaguliwa, hakuna maandishi ndani, na utafutaji wa aina yoyote hautaliona. Tesseract ni programu ya bure inayosoma maandishi kwenye picha. Ilizaliwa katika kampuni ya HP miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na ina data ya Kiswahili. Ipo ndani ya programu nyingine za bure zenye vitufe vya kawaida, kama NAPS2. Kazi yote hufanyika kwenye mashine yako. Tafadhali achana na zile tovuti za kubadilisha PDF bure. Watu wanapandisha humo vitambulisho, hati za viwanja na majibu ya hospitali, na hawajui vinapokwenda. Maandishi ya mkono yatasumbua, kwa hiyo kwa barua muhimu za mkono andika mwenyewe mistari mitatu ya muhtasari uihifadhi pamoja nayo.

Hatua ya pili ni kuchagua programu. Zipo kadhaa za bure zinazofanya kazi ndani, kama AnythingLLM na GPT4All, na ipo Ollama, ambayo kazi yake ni kuendesha modeli kwenye kompyuta yako. Nitakaa kwenye AnythingLLM, kwa sababu inakuruhusu kubadilisha modeli na inakuonyesha kipande kilichopatikana kimetoka faili gani. Ukiisakinisha, kuna mambo mawili ya kuangalia. Ina kipengele cha kutuma taarifa za matumizi kwa watengenezaji. Nenda kwenye sehemu ya faragha ukizime. Pia itakuuliza ni modeli gani ijibu maswali yako. Hapo uwe makini sana! Ukichagua ya kampuni inayopitia intaneti, utafutaji utafanyika kwako lakini vipande vilivyopatikana vitatumwa nje pamoja na swali ili jibu litungwe. Wengi wanavujisha siri hapo huku wakiamini wako salama. Chagua modeli ya ndani, hata kama ni ndogo na majibu yake si fasaha. Wewe hutafuti insha, unatafuta faili.

Hatua ya tatu ndiyo ninayokuomba usiiruke: hakikisha modeli inayotengeneza vekta inajua Kiswahili. AnythingLLM huja na all-MiniLM-L6-v2, ndogo na nyepesi, ila imefundishwa kwa Kiingereza. Ukiipa maelezo ya Kiswahili haitalalamika. Itakupa namba na itakuletea majibu, na mengi hayatakuwa na uhusiano na swali lako. Mtu asiyejua hili hukata tamaa na kusema teknolojia yenyewe ni ya uongo. Tafuta modeli ya lugha nyingi. LaBSE ya Google, iliyotolewa mwaka 2020, ilifundishwa lugha 109, Kiswahili kikiwemo. Multilingual E5 ya Microsoft ina toleo dogo lenye vekta ya namba 384. BGE-M3, iliyotolewa mwaka 2024 na watafiti wa Beijing, inapatikana kupitia Ollama kwa ukubwa wa gigabaiti moja na kidogo. Pakua mara moja kwa bando zuri, halafu hutahitaji intaneti tena.

Faida nyingine ya modeli hizi ni kwamba lugha zinakutana. Ukiuliza kwa Kiswahili, zinaweza kukuletea hukumu au waraka ulioandikwa Kiingereza. Kwako unayesoma hukumu za Kiingereza na kuandika maelezo ya Kiswahili, hilo peke yake linatosha kukushawishi.

Hatua ya nne ni mtihani. Chukua mafaili kumi unayoyajua vizuri. Kwa kila moja andika swali kwa maneno ambayo hayamo ndani ya faili. Uliza, kisha tazama kama faili sahihi limo katika matano ya kwanza. Tumia Kiswahili mnachokisema kwenu. Kama akina mama wa kwenu husema "kunitelekeza", "kunisusa" au "kuniachia mzigo", uliza hivyo hivyo. Modeli ikishindwa, badilisha modeli urudie. Halafu zima Wi-Fi, toa na modemu, urudie mtihani mzima. Ikigoma kufanya kazi bila mtandao, ujue huenda kuna kitu kilikuwa kinatoka. Ikifanya kazi, umepata dalili nzuri, ingawa programu inaweza kungoja mtandao urudi ndipo itume. Kwa maelezo mazito kabisa, tumia laptopu isiyounganishwa na mtandao kamwe.

Mahali inapokosea

Napenda zana hii, kwa hiyo nataka uijue na udhaifu wake.

Haijui kusema "hakuna". Kazi yake ni kuleta vilivyo karibu zaidi, na daima kuna kilicho karibu zaidi, hata kama kiko mbali na ulichokitaka. Usimwambie mteja kwamba kesi kama yake haijawahi kutokea, na usimwambie kwamba imetokea, mpaka uwe umefungua faili na kulisoma.

Haishiki vizuri maneno ya kukanusha. "Mkataba uliosainiwa" na "mkataba ambao haujasainiwa" vinazungumzia jambo moja, kwa hiyo vitakaa karibu sana. Kwa mwanasheria tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Haifai kwa namba. Namba ya kiwanja, namba ya shauri, kontrol namba ya malipo, jina kamili la mtu, tarehe: hayo yatafute kwa herufi, kwa njia ile ya zamani. Weka pia programu ya bure kama DocFetcher, inayotafuta maneno ndani ya mafaili hapo hapo kwenye kompyuta. Usichague moja ukaitupa nyingine. Unapokumbuka neno, tumia herufi. Unapokumbuka habari, tumia maana.

Na kumbuka kufuta. Ukifuta faili kwenye folda, nakala iliyokwisha kuingia ndani ya programu pamoja na vekta zake haiondoki yenyewe. Mama akirudi akasema, "Naomba maelezo yangu yaondolewe," lazima uyaondoe pote pawili, na kwenye diski ya akiba pia.

Nenda kazungumze na mwenzako

Usimnyamazie yule aliyekushauri. Mwonyeshe mtihani wa mafaili kumi ukiwa umezima mtandao, aone kwamba urahisi alioutaka unapatikana bila kutoa siri ya mtu. Kisha andikeni kanuni za ofisi katika ukurasa mmoja: nini kinaingia kwenye programu ya kutafuta, nani ana nywila, nakala ya akiba iko wapi, na kinafutwa lini. Mkija kupata msaidizi mpya, asome ukurasa huo kabla ya kugusa laptopu. Mkisha kuweka utaratibu huo, waambieni akina mama kwa lugha yao namna mnavyotunza maelezo yao. Mtu akijua maneno yake yanalala wapi, anaeleza kwa uhuru zaidi, na wewe unapata maelezo kamili ya kumtetea.

Nyinyi wengine, msijione hamhusiki. Mwanafunzi mwenye makala mia mbili za tasnifu, mwalimu mwenye mitihani ya miaka kumi, mama mwenye risiti za duka na vipimo vya hospitali ndani ya folda moja, wote mna haki ya kuikumbuka kazi yenu bila kumlipa mtu kwa siri zenu. Anzeni kidogo, kwa folda moja isiyo na siri za mtu mwingine, mpaka mkono uzoee.

Na wewe mdogo wangu wa msaada wa kisheria, anza na kufunga diski wiki hii, kabla ya kupakua chochote. Ukishapata modeli inayokielewa Kiswahili cha akina mama wa kwenu, niandikie iliyofaulu ni ipi na iliyoshindwa ni ipi. Nitayaweka majibu yako hapa, ili msaidizi wa kisheria wa wilaya nyingine asianzie mwanzo.

Dada yenu.